Sauti Kutoka Peking: Tarikhi Fupi ya Idhaa ya Kiswahili, Imeandikwa Biliqo

Tarehe 1 Septemba 1961, Tanganyika ikiwa imebakiwa na miezi mitatu na siku chache kuufikia uhuru wake, na Kenya na Unguja zingali chini ya himaya ya Mwingereza, Redio Peking ilianza kutangaza kwa lugha ya Kiswahili. Na kwa kuwa mawimbi ya masafa mafupi hayamwombi liwali ruhusa wala hayalipi ushuru forodhani, sauti hiyo iliingia katika majumba ya watu ambao aghalabu hawakupata kumwona Mchina kwa macho, isipokuwa wenyeji wa Unguja waliowajua wale wachache waliohamia huko tangu miaka ya 1930 kwa biashara ya majongoo ya bahari. Idhaa hiyo, iliyopita majina kadhaa na zama nyingi, ndiyo ninayoiandikia tarikhi hii fupi. Nami naiandika nikiwa Biliqo, katika nyika ya Waso, wilaya ya Waborana wa Isiolo kaskazini mwa Kenya, si kwa sababu Biliqo ina fungu kubwa katika mambo ya Peking, bali kwa sababu thamani ya redio hujulikana na msikilizaji aliye baidi, na baidi kuliko hapa ni taabu kupata.

Kujuana kwa pwani yetu na China ni kwa kale kuliko mitambo ya redio. Jemadari Zheng He, Mwislamu wa Yunnan ambaye baba yake na babu yake waliitwa mahujaji, aliongoza safari saba za merikebu baina ya 1405 na 1433, na katika mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya Kaisari Yongle akapokewa kama ishara ya baraka itokayo mbinguni. Jambo ambalo huenda likamshangaza mchungaji wa Biliqo, kwani yeye twiga huwaona kila kiangazi wakitafuna migunga karibu na mazizi, na hakuna aliyewasujudia. Safari zile zilikoma, na kwa karne nyingi zilizofuata kilichobaki cha China katika pwani kilikuwa vyombo vya kaure vilivyopachikwa katika makaburi na misikiti.

Muunganisho wa pili haukuletwa na jahazi bali na siasa. Abdulrahman Mohamed Babu wa Unguja alizuru China kabla ya uhuru wa nchi zetu akawa mwakilishi wa shirika la habari la Xinhua katika visiwa, na wakubwa wa Peking, waliokuwa wakitafuta marafiki miongoni mwa mataifa yanayozaliwa, walitambua kwamba Kiingereza kingewafikisha kwa makarani tu. Wakawachukua vijana wa Kichina, ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari yetu, wakawafunza Kiswahili darasani. Na wakawaalika watu wa Afrika Mashariki waende kuishi Peking ili wasome habari, wasahihishe tafsiri na kuwafunza matamshi wale wanafunzi.

Hapa ningependa kukawia kidogo, kwani tunapotaja uhamaji baina ya China na Afrika watu huwaza Wachina waliokuja, wakasahau wetu waliokwenda. Wataalamu wa kigeni waliowekwa Peking aghalabu walikaa katika Hoteli ya Urafiki, jumba kubwa lililojengwa miaka ya 1950 upande wa kaskazini-magharibi wa mji. Huko mtu aliyezoea upepo wa kusi alijifunza kuvaa koti la pamba na kulala karibu na bomba la mvuke. Si wote waliokwenda China waliorejea na sifa: mwanafunzi mmoja wa Ghana, Emmanuel Hevi, alitoa kitabu mwaka 1963 akilalamikia upweke, upelelezi na dharau, na wenzake wengi wa Kiafrika waliihama nchi hiyo. Lakini kazi ya idhaa haikukoma. Mchina aliandika, Mswahili akasahihisha, na kwa mkono wa wawili hao matangazo yakatoka kwa Kiswahili chenye adabu kuliko kile ambacho baadhi ya redio zetu wenyewe hukisema leo.

Sitaficha kwamba yaliyosemwa kwa adabu hiyo hayakuwa mema yote. Katika Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyoanza 1966, matangazo yalifunguliwa kwa wimbo wa kumsifu Mwenyekiti Mao, na habari zikawa hotuba tupu zilizojaa laana kwa mabeberu na kwa Warusi. Na wakati huo huo misikiti ya China ilikuwa imefungwa, jambo ambalo msikilizaji Mwislamu wa nyika hii hakuambiwa. Kenya, iliyokuwa imeanzisha uhusiano wa kibalozi na China Desemba 1963, ilimfukuza mkuu wa ubalozi wa China mwaka 1967, na urafiki haukuchangamka tena hadi zama za Rais Moi, aliyekwenda Beijing, ndiyo Peking yenyewe, mwaka 1980.

Ilhali miaka hiyo ya dhiki ndiyo miaka ya watu wa Waso kutega masikio. Zama za vita vya shifta, vya kutaka kujitenga na Kenya, Waborana walipokusanywa kambini Merti na Garba Tulla na mifugo ikateketea, mwenye redio ya betri alikuwa na cheo: waya ulifungwa juu ya mgunga, betri zilizochoka zikaanikwa juani zipate nguvu ya saa moja nyingine, na kijana aliyesoma akafasiri kwa Kiborana yale yaliyosemwa kwa Kiswahili.

Jambo ambalo idhaa ililitangaza kwa haki ya kujivunia ni reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa tangu 1970 kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa Julai 1976. Wachina zaidi ya sitini walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yakitunzwa hadi leo, na ujumbe wa China hufika kuyazuru na kuweka maua.

Baada ya hapo habari ni nyepesi. Misikiti ya China ilifunguliwa tena, na idhaa ikaweza kutaja sala ya Idi katika msikiti wa Niujie wa Beijing, ambao mapokeo yanasema ulijengwa mwaka 996. Hata hivyo, kuhusu masaibu ya Waislamu wa Xinjiang katika miaka ya karibuni imeendelea kusema yale tu ambayo serikali yake inataka yasemwe. Mwaka 1993 jina likawa Redio China Kimataifa. Desemba 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius, ya kwanza barani Afrika, na tarehe 27 Januari 2006 redio yenyewe ikafungua kituo Nairobi, FM 91.9, cha kwanza cha aina hiyo nje ya China. Mwaka 2011 Watanzania walitazama tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake iliyotiwa sauti za Kiswahili, wakagundua kwamba ugomvi wa mke na mavyaa hauna taifa.

Lakini FM ya Nairobi haifiki Biliqo. Redio iliyoanza kwa kuwasemesha walio mbali iliwasogelea walio karibu na barabara za lami, na sisi tukaja kuwajua Wachina kwa njia nyingine: kwanza kampuni ya China Wu Yi, iliyoanza mwaka 2007 kujenga kilomita 136 za lami kutoka Isiolo hadi mto Merille, kisha kampuni ya mafuta ya CNOOC, ambayo mwishoni mwa 2009 ilisimamisha mtambo Boghal, upande wa Merti, ikachimba zaidi ya mita 5,000 ikitafuta mafuta, isipate ya kuuzika, ikaondoka. Waliokuja kufanya kazi hizo walikuwa mafundi, wala si wale waliofunzwa Kiswahili darasani Peking. Walikaa ndani ya uzio, wakazungumza na vibarua kwa mkalimani na kwa ishara za mikono. Ama Redio China Kimataifa yenyewe, mwaka 2018 iliunganishwa na televisheni na redio ya taifa chini ya shirika moja la habari la China, na sasa vijana wenye simu huipata idhaa mtandaoni, pale ambapo mtandao wenyewe unashika.