Raleigh ya babu, nani anainunua?

Wadau, kabla hamjamwita mnunuzi wa chuma chakavu aje na mzani wake, tujikumbushe historia kidogo.

Mwaka 1888 Mwingereza Frank Bowden alianzisha kampuni ya Raleigh mjini Nottingham. Baiskeli zake zikafika hadi vijijini kwetu. Sasa sikilizeni: Raleigh walikuwa na vipimo vyao wenyewe. Pale inapopita ekseli ya pedali, viwanda vingi vya Uingereza vilikata hesi 24 kwa inchi moja. Raleigh wakakata 26. Ukileta kikombe cha baiskeli nyingine, hakikazi. Mteja ilimbidi arudi kwao tu.

Baadaye mambo yakageuka. Mwaka 2000 Sturmey-Archer, watengenezaji wa gia za Raleigh tangu 1902, walinunuliwa na SunRace ya Taiwan. Mwaka 2002 Raleigh wakaacha kuunda baiskeli Nottingham. Tangu hapo, spea nyingi za asili zinatoka kwenye baiskeli kuukuu nyingine.

Kwa hiyo mnunuzi wa mkweche wako ni yule mwenye mkweche kama huo, ila umepungukiwa kitu kimoja. Huyo hatafuti "baiskeli ya zamani." Anatafuta kikombe cha hesi 26, au habu ya mwaka fulani. Mtajie hivyo hivyo. Habu nyingi za Sturmey-Archer zimegongwa tarakimu mbili za mwaka zilipotengenezwa. Futa grisi utaziona.

Mwenye mzani hulipa kwa kilo, mwaka haumhusu.

Je, ya kwenu imegongwa mwaka gani?