Kwashakoo: Jina Lililotoka kwa Akina Mama

Istilahi nyingi za elimu ya lishe ama zimetoka katika Kigiriki na Kilatini, ama zimeundwa na wataalamu mezani. Moja ilitoka vinywani mwa akina mama wa Afrika: kwashiorkor, ambayo kwa Kiswahili huandikwa pia kwashakoo, kando ya istilahi unyafuzi. Yafaa tuitazame historia yake, kwani ina funzo kwa kila aundaye au atafsiriye istilahi.

Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyesomea Oxford, alianza kazi mwaka 1929 katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Huko aliwaona watoto wadogo waliovimba miguu na mikono, ngozi ikiwabambuka, na wengi wao wakifa. Chakula chao kikuu kilikuwa uji wa mahindi. Alipoandika habari zao mwaka 1933, hakuupa ugonjwa huo jina. Bingwa mmoja wa maradhi ya nchi za joto, Hugh Stannus, akashikilia kuwa ni pelagra tu, ugonjwa uliokwisha kujulikana Ulaya.

Mwaka 1935 Williams aliandika tena katika jarida la Lancet, mara hii akitumia jina la wasemaji wa lugha ya Ga. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Hivyo jina lenyewe lilikuwa fasili: lilitaja nani huugua, na lini. Mwaka 1954 madaktari watatu wa Kampala, Trowell, Davies na Dean, walilifanya kuwa anwani ya kitabu chao.

Wakati huohuo wataalamu waliunda istilahi zilizotaja upungufu wa protini, kisha wa protini na kalori, kisha wa protini na nishati. Kila nadharia ilipobadilika, istilahi nayo ilibadilishwa. Mwaka 1974 Donald McLaren aliikosoa vikali imani ya kwamba protini ndiyo tatizo kuu la lishe duniani. Hata leo chanzo cha ugonjwa huu hakijaelezwa kikamilifu. Jina la akina mama limedumu kwa sababu lilieleza lililoonekana, wala halikudai zaidi.

Hata hivyo, jina hilo lilitufikia kupitia Kiingereza, nalo lilipofika lilikuwa sauti tupu. Mama wa Morogoro hasikii ndani yake alichosikia mama wa Accra. Nao wanafunzi wa shahada za juu za lishe katika vyuo vikuu vyetu husoma kwa Kiingereza, kisha hurudi kuwahudumia akina mama kwa Kiswahili. Mtaalamu akisema "kwashakoo" au "unyafuzi" tu, ametaja jina. Akiuliza mtoto aliacha ziwa lini, na tangu hapo amekuwa akila nini, ameirudisha maana.

Basi kabla ya kufungua kamusi ya kigeni, hatuna budi kwanza kumwuliza ampakataye mgonjwa.