Mwanga Unaopasua Maji

Ninyi wa darasa la Chiwanda mkitoka nje mnaliona Ziwa Nyasa limejaa maji, na jua juu yake. Lakini kuni za kupikia hufuatwa kwa miguu. Je, maji na jua vinaweza kutupa moto? Leo tutatazama jinsi watu walivyolitafuta jibu.

Kwanza fahamuni kwamba maji yameundwa kwa hewa mbili. Mwaka 1766 Mwingereza Henry Cavendish alieleza habari za hewa nyepesi inayowaka. Baadaye Mfaransa Antoine Lavoisier akaiita haidrojeni, maana yake mzaa maji, kwa sababu ikiungua hugeuka maji. Hewa ya pili ni oksijeni, ile tunayoivuta. Mwaka 1800 Waingereza Nicholson na Carlisle walipitisha umeme katika maji, yakapasuka, hewa hizo mbili zikatoka.

Basi angalieni: maji ni kama majivu ya haidrojeni. Hayawaki. Ukitaka kuyapasua, lazima uyarudishie nguvu iliyotoka wakati wa kuungua.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda, walitangaza jambo jipya. Walitia katika maji kipande cha oksidi ya titani, kilichounganishwa kwa waya na kipande cha platini. Kipande cha titani kilipomulikwa, maji yakaanza kupasuka. Oksidi hiyo ndiyo inayozipa weupe rangi nyingi za kupaka nyumba. Kitu cha namna hii huitwa kichocheo cha mwanga. Ni kama jiwe la kusagia: husaga unga, lakini lenyewe haliwi unga. Mwaka uliofuata petroli ikapanda bei duniani, na wataalamu wa nchi nyingi wakaishika kazi hiyo.

Walikuta matatizo mawili. La kwanza, oksidi ya titani hutumia mwanga usioonekana kwa macho, uitwao urujuanimno. Huo ni kama sehemu 5 tu katika kila 100 za nguvu ya jua. La pili, nguvu ya mwanga hupotea ndani ya kipande kabla ya kuyafikia maji. Kwa hiyo wakatengeneza chembe ndogo sana, zinazopimwa kwa kuigawa milimita moja sehemu milioni moja. Ninyi mnajua kwamba muhogo mzima hukauka polepole, bali makopa hukauka upesi, kwa kuwa jua huyagusa pande nyingi. Ndivyo maji yanavyozigusa chembe hizo.

Mwaka 2021 Kazunari Domen na wenzake, huko Japani, walieleza jaribio la vibao vya kichocheo vilivyotandazwa juani, eneo la mita 100 za mraba. Haidrojeni ilipatikana. Lakini katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua, iliyoingia katika haidrojeni haikuzidi 0.76.

Kwa hiyo kazi hii ni ya kweli, ila bado ni changa. Mtu akija kuwauzia jiko linalowaka maji, mwulizeni: nguvu ya kuyapasua inatoka wapi? Asipojibu, fedha zenu zibaki mfukoni. Na miti mliyokusudia kupanda, ipandeni.

Tena titani si kitu kigeni kwetu. Mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa, yana titani ndani yake. Watoto wenu wakisoma, watajua thamani yake.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini maji hayawaki?
2. Kichocheo kinafananaje na jiwe la kusagia?
3. Kwa nini chembe ndogo hufaa kuliko kipande kikubwa?