Tafakuri ya timu katika kampuni changa za programu

Tafakuri ya timu ni utaratibu ambao watengenezaji programu huacha kazi kwa muda, wakaipitia ile waliyokwisha kuifanya, kisha wakaamua nini kibadilike. Watengenezaji 17 walikutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, Februari 2001, na ya mwisho kati ya kanuni 12 za Agile, yaani mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua fupi, zilizotokana na mkutano huo huitaka timu ijitathmini mara kwa mara. Mwaka huohuo Norman Kerth, katika kitabu chake kuhusu vikao vya tafakuri, alitaka washiriki waanze kwa kuamini kwamba kila mmoja alijitahidi kadiri ya ujuzi na nyenzo alizokuwa nazo.

Katika kampuni changa, fedha hazitoshi na wateja hawasubiri, hivyo kikao cha namna hii ndicho huahirishwa kwanza. Ni kosa kubwa. Kampuni kama hiyo bado haina wazoefu wala taratibu za kuiongoza. Yaliyoipata ndiyo mwalimu wake.

Mfano ulio wazi ni wa GitLab, kampuni yenye jukwaa la mtandaoni ambako watengenezaji programu huhifadhi msimbo wao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake, akidhani yumo kwenye seva ya akiba, alianza kufuta hifadhidata ya seva kuu. Alipogundua na kusitisha amri, kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimesalia 4.5 tu. Kampuni ikakimbilia nakala za akiba, isizikute: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisiloendana na hifadhidata, na barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichookoa kazi ni nakala ambayo mhandisi yuleyule aliichukua saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

GitLab ilirusha urejeshaji huo mubashara kupitia YouTube, kisha ikachapisha ripoti isiyomtaja mhandisi kwa jina. Ripoti ilifuata mtindo wa Toyota wa kuuliza “kwa nini” mara tano, na majibu yakavuka kidole cha mtu mmoja hadi kwenye pengo la kampuni nzima: hakuna aliyekabidhiwa jukumu la kuhakikisha kwamba nakala zinafanya kazi. Miongoni mwa marekebisho yaliyopangwa ni kumteua mwenye jukumu hilo, kujaribu urejeshaji kila mara, na kubadili maandishi ya skrini ili mhandisi atambue papo hapo yuko kwenye seva ipi.