Mlio wa Beringi: Historia ya Ufundi wa Malori Bara ya Mombasa

Kutafuta chanzo cha mlio au mtetemo katika chombo cha kubeba mizigo ni kazi iliyofika bara ya Mombasa kabla ya lori lenyewe. Ililetwa na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, njia ikatoka kisiwani na kuvuka mlango wa bahari wa Makupa hadi Changamwe upande wa bara, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Ekseli za mabehewa ya enzi hizo zilizunguka juu ya vipande vya shaba ndani ya visanduku vilivyoshindiliwa nyuzi zilizoloa mafuta. Mafuta yakikauka, kisanduku kilipata moto, kikafuka moshi, na ekseli ikaweza kukatika njiani. Ndiyo maana katika reli za Waingereza wakaguzi walitembea kando ya treni kituoni, wakipapasa visanduku kwa mgongo wa mkono na kugonga magurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima lilitoa sauti kali ya kengele. Lenye ufa lilitoa sauti butu. Joto na mlio vimebaki kuwa dalili kuu mbili za kazi hii hadi leo.

Beringi iliyokuja kuenea kwenye magurudumu ya malori ilitoka kwingine. Mwaka 1898 Henry Timken wa Marekani alipata hataza ya beringi yenye rola zilizochongoka upande mmoja, aliyoibuni kwa ajili ya magari ya kukokotwa na wanyama. Umbo hilo huiwezesha kubeba uzito wa mzigo pamoja na msukumo wa pembeni gari linapokata kona. Katika habu ya lori hukaa beringi mbili za namna hiyo, ya ndani na ya nje, zikielekeana. Grisi ikipungua, au maji na mchanga vikipenya kwenye sili, uso wa chuma huanza kubanduka vipande vidogo vidogo. Kila rola inayopita juu ya kidonda hicho hugonga, na mapigo hayo yakifuatana upesi huwa mngurumo.

Kwa miongo mingi malori ya Mombasa yalifanya safari fupi. Serikali ya kikoloni iliilinda reli kwa sheria za leseni zilizobana usafirishaji wa mizigo kwa barabara, hivyo lori lilihudumia zaidi mashamba, viwanda na bandari. Upande wa Likoni lilibeba mazao ya pwani ya kusini hadi kwenye feri. Upande wa Kisauni, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilipoanza kazi mwaka 1954, kazi za malori ziliongezeka. Barabara zilikuwa za vumbi na mwendo ulikuwa wa polepole. Maadui wakubwa wa beringi walikuwa mchanga, matope na chumvi ya bahari, na dawa ilikuwa kufungua habu mapema, kuosha kwa mafuta ya taa na kupaka grisi mpya.

Mambo yalibadilika barabara ya Mombasa hadi Nairobi ilipokamilika kutiwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960. Nguvu ya mtetemo wa kitu kisicho na balansi huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Kasoro iliyofichika kwa kilomita 40 kwa saa juu ya mashimo ilijidhihirisha kwa kilomita 80 juu ya lami. Fundi wa Changamwe akaanza kupokea malalamiko mapya: lori linatulia mjini, lakini likifika Mariakani linatetemeka.

Hapo ndipo maswali kwa dereva yalipopata uzito. Mtetemo unaanza mwendo gani? Upo lori likiwa tupu? Unazidi ukikanyaga mafuta au ukiachia? Majibu hupunguza eneo la kutafuta. Kwa kilomita 80 kwa saa, tairi la lori kubwa huzunguka karibu mara 7 kwa sekunde. Propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma), huzunguka karibu mara 28 ikiwa difu ni ya 4 kwa 1. Kwa hiyo tairi au rimu mbovu hutikisa usukani na kiti taratibu, ilhali propela huleta mvumo wa haraka unaopanda kutoka sakafuni.

Utaratibu wenyewe huanza kabla ya spana kushikwa. Lori likiwa limesimama na injini inanguruma, klachi hukanyagwa: mlio ukianza hapo, beringi ya klachi hushukiwa, ukikoma, macho huelekea kwenye gia boksi. Kisha lori hupelekwa barabarani. Likikata kona ya kulia, uzito huegemea magurudumu ya kushoto, na mngurumo ukizidi wakati huo, habu ya kushoto ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Baada ya safari fundi huzikaribia habu zote kwa mgongo wa mkono, kama walivyofanya wakaguzi wa reli, akitafuta ile yenye joto kuliko wenzake.

Hatua inayofuata ni jeki. Tairi la mbele likiwa hewani, mtaimbo huingizwa chini yake na kuinuliwa ili kuona kama kuna plei, yaani kulegea. Plei ikiwepo, msaidizi hukanyaga breki. Ikitoweka, ubovu uko kwenye beringi. Ikibaki, kingpini, yaani pini ambayo gurudumu hugeukia, imelika. Halafu tairi huzungushwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umewekwa juu ya springi, kwa sababu ukwaruzo mdogo ambao sikio halijausikia hupita kwenye chuma hadi kiganjani. Bisibisi refu, ncha yake kwenye kasha la beringi na mpini wake kwenye mfupa wa sikio, hutenganisha mlio wa gia boksi na ule wa difu.

Propela ina historia yake ya kuwahangaisha mafundi. Lori refu huwa na propela ya vipande viwili au zaidi, inayoshikwa katikati na senta beringi iliyozungukwa na mpira. Mpira ukichanika, shafti hurukaruka. Lakini mara nyingi mtetemo huzaliwa gereji: propela imefunguliwa ili kubadilisha kros (kiungo chake kinachokunjika), ikarudishwa ikiwa imepishana meno, na mikono ya kros mbili haiko tena kwenye mstari mmoja. Hapo kila kipuri ni kizima na lori linatetemeka. Fundi makini huweka alama kwa chaki au tindo kabla ya kufungua, na hiyo ni mojawapo ya kanuni za mwanzo anazofundishwa mwanagenzi.

Ujio wa makontena ulileta suala la uzito. Watafiti wa Uswidi, Lundberg na Palmgren, walionyesha mwaka 1947 jinsi umri wa beringi unavyotegemea mzigo. Kwa beringi ya rola, mzigo ukiwa maradufu, umri hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 iliweka ukomo wa tani 56 kwa lori na mzigo wake, na mizani ya Mariakani husimamia hilo kwenye barabara kuu. Mizani hiyo hulinda lami, na kwa hesabu hiyo hiyo hulinda habu.

Elimu ya kazi hii ilipita njia mbili. Chuo cha MIOME (Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa) kilianza kufundisha mwaka 1951, baadaye kikawa polytechnic na, mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wengi zaidi walijifunza katika gereji za jua kali, kwa kushika taa na jeki chini ya fundi mkuu. Njia hii ya pili huchukua miaka, kwani sikio halifundishwi kwa maelezo. Mwanagenzi hana budi kusikia beringi mbovu kisha kuiona imefunguliwa, tena na tena.

Malori ya sasa yana kompyuta, lakini husoma tu kile kilichounganishwa na vitambuzi. Beringi ya habu iliyolegea inaweza kuwasha taa ya breki za ABS kwa kubadilisha nafasi kati ya kitambuzi na pete yake, na asiyejua hubadilisha kitambuzi akaacha ugonjwa. Soko la kazi nalo limebadilika. Treni za mizigo za reli mpya ya SGR zilipoanza mwaka 2018, na mizigo ikaelekezwa reli kwa amri ya serikali, kazi za malori zilipungua na mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana. Huduma za kutoa mizigo, zilizokuwa zimehamishwa kutoka Mombasa, zilirejeshwa bandarini mwaka 2022. Barabara ya Dongo Kundu nayo sasa inaunganisha Miritini na pwani ya kusini bila feri, na lori la Likoni linaweza kufika kwa mafundi wa Changamwe bila kuvuka kisiwani. Katika mabadiliko hayo yote, ujuzi wa kuuliza, kusikiliza na kupapasa kabla ya kufungua unastahili kuandikwa katika mitaala ya vyuo, maana ndio unaozuia gurudumu kuchomoka njiani na kumwepusha mwenye lori kununua vipuri visivyohitajika.