Siku Wakili Aliposhindwa

Wapo watu ambao hatukuzoea kuwaona wakishindwa. Mmoja wao ni Perry Mason, yule wakili wa televisheni ya Marekani, aliyeigizwa na Raymond Burr. Tamthilia yake ilirushwa na kituo cha CBS tangu mwaka 1957 hadi 1966, vipindi 271 kwa jumla, na karibu kila kipindi kilikwenda njia ile ile. Mtu anauawa, asiye na hatia anakamatwa, ushahidi unamkaba koo. Kisha, kabla saa haijakwisha, Mason anauliza swali moja la mwisho, na muuaji wa kweli anakiri mbele ya mahakama nzima.

Mimi nilivitazama vipindi hivyo baada ya kustaafu, katika diski alizoniletea binti yangu. Nilivifurahia kama mzee anavyofurahia bao: mchezo unaujua, lakini hauchoki kuutazama. Kisha nikafika kwenye kipindi kimoja kilichonifanya nizime mashine na kukaa kimya hata chai ikapoa.

Kipindi hicho kilirushwa Oktoba 1963, katika msimu wa saba. Kwa Kiingereza kinaitwa "The Case of the Deadly Verdict", yaani Kesi ya Hukumu ya Mauti. Hapa mambo yamepinduliwa. Hukumu, ambayo kwa kawaida ndiyo mwisho wa hadithi, imewekwa mwanzoni. Mteja wa Mason, Janice Barton, aliyeigizwa na Julie Adams, anaonekana na hatia ya mauaji, na mbele yake kuna chumba cha gesi. Wakili asiyeshindwa ameshindwa.

Ili msomaji aone uzito wa jambo hilo, ni vema akumbuke kwamba mara nyingi kesi za Mason zilikuwa bado katika hatua ya awali, mbele ya hakimu peke yake, pasipo wale wananchi kumi na wawili ambao katika sheria za Marekani ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Mtazamaji alikuwa amezoea kesi zinazovunjika mapema. Safari hii kesi ilifika mwisho, na mwisho wenyewe ukawa kosa. Mason hakukata tamaa. Alirudi kuchunguza upya, na dakika za mwisho akampata mkosaji wa kweli, Janice akanusurika.

Mtunzi wa Mason, Erle Stanley Gardner, aliujua ugonjwa huu kwa karibu. Kabla ya kuishi kwa kalamu alikuwa wakili California, na miongoni mwa aliowatetea walikuwa wahamiaji maskini wa Kichina na wa Kimeksiko. Mwaka 1948, akiwa tayari mwandishi mashuhuri, alianzisha pamoja na wenzake, katika jarida la Argosy, kazi waliyoiita Mahakama ya Rufani ya Mwisho. Wataalamu wa uchunguzi walijitolea kufufua kesi za watu waliokwisha kufungwa, pale palipokuwa na dalili kwamba wamefungwa kwa makosa. Katika riwaya zake wasio na hatia waliokolewa mapema. Katika maisha aliwakuta tayari wamo gerezani.

Hata ndani ya kundi la waigizaji wenyewe jambo hilo lilitokea. William Talman, aliyeigiza mwendesha mashtaka Hamilton Burger ashindwaye kila juma, alikamatwa na polisi mwaka 1960 katika tafrija ya nyumbani kwa watu. Hakimu aliyatupa mashtaka kwa kukosa ushahidi, lakini hata hivyo alipoteza kazi yake. Burr na wengine walimtetea, na baadaye akarudishwa. Mahakama ilisema hana kosa, na bado aliadhibiwa.

Sasa nieleze kwa nini chai yangu ilipoa.

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni. Fedha za ada zilipotea kutoka katika droo ya ofisi. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu alionekana akipita ukumbini usiku ule, baada ya prepo, na katika sanduku lake tukakuta viatu vipya. Nilimwita. Alisema viatu amepewa na mjomba wake. Nilimwuliza mara tatu, na mara tatu alijibu vile vile, akitazama chini. Nilichukua kule kutazama chini kuwa kukiri. Leo najua kwamba mtoto aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mkubwa wake.

Mason alikuwa na mpelelezi wake, Paul Drake, wa kumtuma kila upande. Mimi nilikuwa na mwalimu wa zamu na basi la asubuhi; mjomba aliishi mwendo wa saa mbili. Sikumtuma mtu. Niliandika taarifa, bodi ikaipokea kama nilivyoiandika, kijana akafukuzwa.

Novemba 1987 karani mmoja alikutwa na ufunguo wa kughushi wa droo ile ile, akaeleza yote. Hakuinuka mwenyewe kukiri kama kwenye televisheni. Alikamatwa kwa wizi mwingine. Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa zaidi. Barua kwa baba wa kijana niliiandika Mei 1988. Miezi sita nilijua, nikanyamaza, nikijiambia kwamba nitavunja heshima ya ofisi. Heshima niliyokuwa nailinda ilikuwa yangu.

Baba alinijibu kwa sentensi moja: kijana ameshaoa, na jembe amelizoea. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Sikuandika haya ili niwaambie walimu wasiadhibu. Shule isiyo na hukumu haiendeki. Lakini vipindi vingi vya Mason vilitufundisha uongo mmoja mtamu, kwamba ukweli utakuja wenyewe kabla ya saa kwisha. Kipindi kile kimoja kilisema jambo jingine: hukumu inaweza kutolewa kwa utaratibu wote, na watu wazima wenye akili, ikawa si kweli, na siku hiyo ndipo kazi inapoanza. Mason aliianza palepale. Mimi nilichelewa miezi sita, na kijana alikuwa amekwisha kushika jembe.

Kwa hiyo wakuu wa shule vijana wanaponijia kuomba ushauri, huwaambia hivi: ukikwisha kutia saini, usilifunge faili. Liache mezani, na mtume mtu akamwulize mjomba.