KUZIMIA OVYO: SIO KILA ANAYEANGUKA ANA MAPEPO

Leo tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee afya.

Dogo wangu wa kike alianza kuzimia akiwa kidato cha pili. Mara ya kwanza mstarini asubuhi, mara ya pili kwenye foleni ya maji, baada ya hapo tukaacha kuhesabu. Zahanati walimpa dawa za malaria mara tatu. Jirani akasema ni majini. Shuleni wenzake wakaanza kumkwepa. Ilituchukua karibu miaka miwili kupata jibu. Hapa nimekusanya yale ambayo tungeyajua mapema tungeokoa hela nyingi na machozi ya bi mkubwa. Kama muda wako wa kafe umebaki dakika tano, ruka hadi namba 3.

1. KUZIMIA NI NINI?
Ni kupoteza fahamu kwa muda mfupi kwa sababu damu inayofika kwenye ubongo imepungua ghafla. Mtu akishalala chini damu inarudi kichwani, anazinduka ndani ya sekunde chache au dakika moja hivi. Ndio maana kumnyanyua na kumkalisha kwenye kiti haraka haraka ni kosa, unamrudisha kule kule alikotoka.

2. SABABU ZAKE
a) Kuzimia kwa kawaida. Huyu anaongoza kwa vijana. Umesimama juani muda mrefu, umeona damu, umechomwa sindano, una maumivu au hofu. Mishipa inatanuka, mapigo ya moyo yanapungua, presha inaporomoka. Kabla ya kuanguka unapata jasho la baridi, kichefuchefu, masikio yanavuma, macho yanaona giza.
b) Presha kushuka ukisimama. Inaletwa na kuharisha, kutokunywa maji, kuishiwa damu, au dawa kama za presha na za kukojoza.
c) Moyo wenyewe: unapiga ovyo, au misuli yake ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Hawa ni wachache lakini ndio wanaokufa.
d) Vitu vinavyofanana: kifafa, sukari kushuka, na msongo wa mawazo. Huyu wa msongo haigizi, kwa hiyo kumchapa au kumcheka hakusaidii kitu.

3. DALILI ZA HATARI, USISUBIRI
- Anazimia WAKATI anakimbia, anacheza mpira au anaogelea.
- Anazimia akiwa amelala.
- Anaanguka bila dalili yoyote, au moyo unaenda mbio au kifua kinauma kwanza.
- Anazimia akishtuliwa na kelele za ghafla, kama alamu ya simu.
- Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana.
- Ni mjamzito, au amekosa siku zake na tumbo linauma. Mimba ikitunga nje ya kizazi damu inavujia ndani.
Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Wapenzi wa soka mnamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, alianguka uwanjani Lyon mwaka 2003 na kufariki. Christian Eriksen wa Denmark naye moyo ulisimama uwanjani mwaka 2021, lakini alikandamizwa kifua na kushtuliwa moyo pale pale, akapona na kurudi kucheza. Kwa hiyo aliyeanguka akawa haamki na hapumui vizuri, huyo hajazimia tu. Ita msaada, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike.

4. KIFAFA AU KUZIMIA?
Hapa watu wengi wanapotezwa. Aliyezimia kawaida naye anaweza kurusha mikono kidogo kwa sekunde chache, na hicho sio kifafa. Kifafa mara nyingi mtu anakakamaa, anatikisika dakika moja au zaidi, anajing'ata ulimi pembeni, na akiamka anakuwa amechanganyikiwa muda mrefu. Aliyezimia akiamka anajua yupo wapi. Ndio maana shahidi ni muhimu kuliko mashine. Aliyeona aende hospitali na mgonjwa, na kama kuna simu ya kamera, rekodi kwa ajili ya daktari tu, sio kurusha kwenye magrupu.

5. DAKTARI AFANYE NINI?
Nenda na daftari: tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, amekula nini, alihisi nini, alizimia muda gani, yuko siku gani ya hedhi, anatumia dawa gani. Halafu omba hivi:
- Presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama ndani ya dakika 3. Ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, umepata pa kuanzia.
- Wingi wa damu, sukari, na kipimo cha mimba.
- ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Hakiumi, ni dakika chache. Kila anayezimia anatakiwa kupimwa angalau mara moja.
Vikionyesha tatizo, ndio unatumwa hospitali kubwa kwa ultrasaundi ya moyo au mashine ya kuvaa saa 24.

Dogo wangu alisaidiwa na nesi mmoja aliyempima presha akiwa amelala, kisha akamwambia asimame. Ikatoka 108 ikashuka hadi 82. ECG safi. Wingi wa damu ulikuwa 7.9, wakati msichana wa umri wake anatakiwa kuwa na 12. Kumbe hedhi yake ilikuwa nzito miaka yote na aliona aibu kusema, tena asubuhi alikuwa haendi na chai wala maji. Miaka miwili tunatafuta majini, kumbe ni madini ya chuma!

6. KUISHI NAYO
Ukihisi dalili, lala chini hapo hapo, aibu weka pembeni. Huwezi kulala? Chuchumaa, au kunja miguu X na kaza mapaja na ngumi. Kunywa maji ya kutosha, usiruke mlo, usikurupuke kitandani. Usipande mti wala kuogelea peke yako, na usiendeshe bodaboda mpaka ujue tatizo. Ukimkuta aliyezimia: mlaze, inua miguu, legeza nguo, watu wasimzonge. Usimtie kijiko wala maji mdomoni.

Wakikwambia vipimo viko safi na bado unaanguka, rudi tena na daftari lako. Dogo sasa hivi anakula dawa za damu na anasimama mstarini mpaka mwisho. Wale waliomkwepa wamerudi, ila yeye hajasahau.

Kama yamekukuta, tiririka hapo chini, jina sio lazima.